Hita ya Marehemu na Mlinzi wa Mpaka wa Kansas

Itangazwe kwa mataifa yote, Missouri ikiwemo: mpaka wa Kansas ulikuwa na mlinzi mmoja tu, Arlys Penner, karani wa mahakama ya kaunti yetu, ambaye alikosa usingizi mwaka mzima kwa sababu ya hita ya umeme.

Mwanamume wa Missouri, jimbo jirani, alikuja kwetu kuwinda ndege, kibanda alichopanga kikaungua naye ndani. Zimamoto wetu wa kujitolea waliiokota hita kwenye majivu. Arlys, ambaye pia ndiye katibu wao, aliiona inatia huzuni. Akaipaka rangi nyekundu, akapanda maua ndani, akaipamba nayo meza ya karamu yao. Akasifiwa sana.

Kisha mjane wake akakishtaki kiwanda cha hita huko kwao. Waya ukionekana umeungulia ndani, kosa ni la kiwanda; bila waya, hana kesi. Samansi ya mahakama ya Missouri ikaja kwa zimamoto, ambao hawakushtaki wala kushtakiwa: leteni hita.

 Arlys akampigia simu wakili wa mjane.

“Mwanangu, karatasi ya Missouri huku tunafungia donati.”

Kisheria alisema kweli, samansi ya jimbo jingine haina nguvu kwetu, na kujificha nyuma ya ukweli huo ndiko kulikomuuma zaidi.

“Sasa nifanyeje, mama?”

“Mpelekee karani wa mahakama ya huku, aitoe upya kwa muhuri wa Kansas.”

“Karani mwenyewe nani?”



“Mimi.”

Samansi ilipoletwa, hakuwa na ruhusa ya kukataa. Akaigonga muhuri, akazunguka meza, akaipokea kwa niaba ya zimamoto, akaifungia kwenye droo. Siku ya kuleta hita ikapita. Wakili akamwomba jaji wetu awalazimishe zimamoto kuileta.

Siku ya kusikilizwa ombi hilo, mjane alikuja kuketi karibu na Arlys.

“Wewe ndiye uliyemwelekeza wakili wangu? Asante, dada. Wengine wangetuzungusha.”

Arlys alitamani benchi limmeze.

“Haya, Arlys,” jaji akasema, “zimamoto wana pingamizi gani?”

“Hawana, mheshimiwa. Ni mimi. Nimeipaka rangi. Nimepanda na maua.”

Watu wakaangua kicheko. Mjane hakucheka. Wakili akainuka.

“Mama, maisha ya huyu mama yamening’inia kwenye waya ule. Mbele ya mahakama hii tukufu, tuambie: waya bado upo?”

“Upo. Nimeufunga utepe.”