Mguu wa Nyuma wa Injini

Gatini walimwita Milimita, na jina likamkaa. Alikuwa fundi wa injini za boti kwa miaka thelathini na minne, na hakuwahi kufunga nati bila kupima. Mkewe alizoea kuwatania wageni kwamba siku waliponunua kabati, mumewe alilipima mara tatu, akaupima mlango, kisha akamtazama na yeye kama anayetafuta futi.

Alifanya kazi na mdogo wake, waliyepishana miaka sita. Baba yao alipofariki, Milimita ndiye aliyemlea, akamfundisha kushika spana, akamsimamia hata alipooa. Mkubwa alikuwa na kauli ya mwisho. Mdogo alikuwa na mikono myepesi na maneno machache. Aliyemwona mmoja peke yake aliuliza mwenzake anaumwa nini.

Kilichowatenganisha ni mashua ya matanga ya mama mmoja, daktari wa meno aliyestaafu. Ilikuwa na injini ndogo chini ya ngazi ya kushukia chumbani, ya kuisukuma upepo ukikosekana. Mdogo mtu aliifunga upya shafti inayozungusha propela, na mashua ikaanza kutetemeka. Ikienda polepole ilitulia. Injini ikikazwa, vikombe vilicheza kabatini na sakafu ikawasha nyayo. Milimita akatoa hukumu hapo hapo: shafti na injini hazikulingana, kwa sababu mdogo wake alipima mashua ikiwa bado nchi kavu, juu ya magogo, na mashua ikirudi majini umbo lake hubadilika kidogo. Mdogo akasema hapana, alisubiri siku mbili majini ndipo akapima. Kisha akaongeza, kwa ile sauti yake ya chini:

"Kaka, hebu angalia mguu wa nyuma wa injini. Naona kama unanyanyuka."

Milimita hakuinama. Alimwambia mdogo wake, mbele ya mteja, kwamba uvivu anaujua siku nyingi, ila uongo ndio kwanza anauona.

Mdogo alizifuta spana zake moja moja, akazipanga kwenye sanduku, akaondoka. Akafungua karakana yake upande wa pili wa gati. Wiki hiyo hiyo mume wa daktari aliugua, mashua ikafungwa kamba ikakaa bila kuguswa. Ndugu wawili nao wakapishana miaka miwili bila salamu, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze. Halafu asubuhi moja mdogo mtu alianguka kazini, moyo ukasimama, na hakuinuka tena. Mazikoni Milimita alisimama nyuma kabisa, kama mpangaji wa mtaa wa pili.

Miezi minane baadaye daktari, ambaye sasa ni mjane, alimpigia simu. Alitaka mashua itengenezwe aende nayo mwenyewe.

Milimita aliianza kazi kwa utaratibu wake. Mashua ilipandishwa nchi kavu, akaisugua propela, akapima kila panga lake, hakuna lililopinda. Akaizungusha shafti kwa mkono, saa ya kupimia mpindo ikiwa imeigusa, ilikuwa imenyooka. Akaitikisa ndani ya bushi yake ya mpira, haikucheza. Mashua ikarudishwa majini, naye akasubiri siku mbili. Ndipo akajikunja chini ya ngazi, akafungua boliti zinazounganisha shafti na giaboksi, akapitisha karatasi nyembamba za chuma kati ya sahani mbili za muungo huo, juu, chini, kushoto, kulia. Nafasi ilikuwa sawa kotekote. Hata yeye asingeilinganisha vizuri zaidi.

Alipogeuza tochi, aliona maandishi ya penseli kwenye boriti iliyobeba injini. Ni mwandiko wa mdogo wake, ule wa kulalia kushoto aliokuwa akiukaripia tangu utotoni. Aliandika vipimo vinne na maneno haya: *majini, siku ya pili*.

Alikaa pale mpaka miguu ikamfa ganzi. Kisha akafunga boliti, akamwomba daktari awashe injini, aingize gia na aikaze, kamba zikiwa zimefungwa gatini. Mashua ikaanza kutetemeka. Milimita akaweka kiganja kwenye miguu ya injini, yale mapande ya mpira yanayoikalisha, mmoja baada ya mwingine. Wa nyuma, kushoto, mpira ulikuwa umebanduka kwenye chuma chake. Injini ikizimwa ulikaa kama mzima. Injini ikivuta, ulinyanyuka, na shafti ikaenda upande.

Alibadilisha miguu yote minne, akapima upya. Walipotoka nje ya gati, mashua ilikwenda kimya.

"Ilikuwa nini?" daktari akauliza.

"Mguu wa nyuma. Mdogo wangu aliniambia."

"Nilikuwepo," daktari akasema. "Nilimsikia."

Kutoka hapo Milimita alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake, mjane wa mdogo wake, na nguo za kazi. Alimkuta anakunja nguo sebuleni. Akamweleza yote, bila kujitetea. Shemeji hakulia wala hakumfukuza. Alisema mumewe hakumsema vibaya kaka yake hata siku moja, ila simu ikilia Jumapili alikuwa akiinuka haraka, akidhani ni yeye.

"Mimi sina la kukuambia, shemeji," akasema. "Watoto wanatoka shule sasa hivi. Miaka yote hii wananiuliza baba mkubwa amekwenda wapi. Leo uwajibu wewe."

Milimita akakaa kwenye ukingo wa kochi, mikono na grisi yake kati ya magoti. Aliyetangulia kuingia ni binti mkubwa, amerefuka, amechukua macho ya babake. Akamsalimia kwa adabu, akabaki amesimama na begi begani huku akisikiliza. Milimita aliuma maneno, akaanza upya, akafika mwisho.

"Baba alijua kuwa hakukosea?" binti akauliza.

"Alijua."

"Na wewe ungeangalia tu ungeona?"

"Ningeona."

Binti akaweka begi chini, akaenda jikoni, na wakasikia bomba likifunguliwa, maji yakimwagika muda mrefu. Mama yake akaendelea kukunja nguo. Milimita hakuinuka. Alibaki pale pale, akiwasubiri wale watoto wengine wawili, awaambie na wao.