Mshale wa Kimya

Mume wangu aliniposa kwa karatasi ya visanduku na mishale, na karatasi hiyo nusura iniache nizeekee kwa baba.

Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha na Changamwe kulikuwa na malori mabovu mengi kuliko mafundi. Kijana wa jirani yetu pale Magogoni, Kisauni, akaenda huko kujifunza ufundi wa magari. Mwalimu wao hakumruhusu mtu kushika spana kabla hajajua kulichora tatizo. Swali unalitia ndani ya kisanduku. Jibu la ndiyo lina mshale wake, la hapana lina wake. Petroli imo? Haimo, tia. Imo, tazama plagi. Ukiifuata mishale utaufikia ubovu hata kama kichwa chako ni kifuu cha nazi.

Nilimpenda kijana yule. Nalisema waziwazi sasa kwa kuwa nimekuwa bibi kizee na walioweza kunichapa wote wamezikwa. Lakini alikuwa na wazimu wa mishale. Alichora kila kitu, hata uji, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko la mamake: umechemka? Hapana, koroga, kisha uliza tena. Mamake alimtii mwanawe msomi, akakoroga, akauliza, akakoroga, mpaka alipoinama akaona moto umezimika kitambo. Mchoro haukuwa umeuliza habari ya moto. Mama wa watu akaukwangua ukuta na kumwambia mwanawe akale hukohuko Changamwe.

Mtu mwingine angejifunza hapo. Yeye akaja kuniposa.

Posa kwetu haikuwa na fumbo. Wazee hukaa barazani, shangazi huingia chumbani kumwuliza msichana, naye msichana huinamisha kichwa na kunyamaza. Kimya hicho ndiyo ridhaa yake, maana asiyetaka hulia. Shangazi hutoka na habari njema, vigelegele hupigwa, halua huliwa. Hata mbuzi wetu walikuwa wanajua.

Mshenga alikuwa ami yake, mzee mpenda soga, na fundi wangu akaogopa mzee asije akapotea katikati ya maneno. Akamchorea. Msichana amekubali? Ndiyo, zungumzeni mahari. Hapana, shukuruni mrudi nyumbani. Hajajibu, muulizeni tena. Ami huyu alikuwa mtu ambaye ukimtuma chumvi ataleta chumvi hata kama duka linaungua.

Shangazi aliingia, akaniuliza, nikanyamaza vizuri kama nilivyofundishwa. Akatoka anatabasamu na kuwaambia wageni kuwa binti amenyamaza, alhamdulillahi. Nikasikia karatasi ikikunjuliwa. Mshenga akasema kwa adabu kubwa kwamba hilo halikuwa ndiyo wala hapana, basi tafadhali akaulizwe tena.

Nikaulizwa tena, nikanyamaza tena. Ningefanya nini? Msichana wa kusema ndiyo kwa mdomo wake alikuwa hajazaliwa Kisauni nzima. Shangazi aliingia na kutoka mpaka kanga ikamvuka kichwani. Kahawa ilikwisha barazani, na mama hakupeleka nyingine.

Kisha nikamsikia baba. Sauti yake ilikuwa ya chini, na ndiyo niliyoiogopa.

"Bwana, binti yangu si bubu, wala hana ila. Kama mwamtafutia kasoro, chukueni viatu vyenu mwende."

Mikeka ilisogezwa. Wageni walikuwa wanainuka, na mume wangu alikuwa anaondoka pamoja nao ndani ya karatasi. Nilisimama nyuma ya pazia la mlango, mahali ambapo baraza nzima ingenisikia.

"Shangazi, namtaka. Na huyo mzee mwambieni karatasi yake haina njia ya mtu alonyamaa."

Kikombe cha baba kilivunjika. Vigelegele vilichelewa sana, vikaja vyembamba. Mshenga alishukuru, akaweka kidole kwenye ndiyo na kuanza habari za mahari. Mimi nikabaki na jina mtaani, yule aliyejioza mwenyewe, na wanawake walilitumia kisimani hata baada ya harusi.

Bwana arusi hakuona haya hata kidogo. Alifurahi kwamba ubovu umepatikana. Akaongeza mshale mmoja, kutoka kimya mpaka ndiyo, akanionyesha mchoro kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

Haukupita muda akaniuliza, nikiwa jikoni, kama anaweza kuiuza cherehani yangu anunue vifaa vya kazi. Cherehani aliyonipa mama. Nilizidi kukanda unga kwa hasira, nisimjibu. Yeye akanishukuru, akaibeba begani na kutoka anapiga mluzi.

Nilimfikia njiani, mikono yangu imejaa unga, watu wanatazama.

"Kimya cha chumbani siku ya posa ni ndiyo," nilimwambia. "Kimya cha jikoni ni hapana. Chora na hiyo."

Akaitua cherehani mchangani, akajipapasa mfukoni kutafuta kalamu.