Kijiti cha Bi Mwanamkisi

Siku sitini na tano zilikuwa zimepita, na mayai ya kasa yalikuwa bado hayajaanguliwa. Bi Mwanamkisi wa Mkokoni aliketi kando ya kiota, kijiti mapajani. Alikirithi kwa mamake: ukikichomeka mchangani kikatoka na ute wa yai, umepata kitoweo. Sasa yeye ndiye mlinzi wa viota, na roho ilikuwa juu. Je, kama maji ya bamvua yaliyopanda hadi kiotani yameyaozesha mayai?

"Choma mara moja tu, mama, tujue moja," alisema bintiye, Raihana.

Alikiinua kijiti, kisha akakishusha.

Adhuhuri ilikaribia, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha, mchanga ulipotitia. Vitoto vya kasa vikachomoza, vikakimbilia baharini. Kunguru nao wakashuka. Bi Mwanamkisi akawarukia na kijiti chake, buibui likimwanguka.

"Wapeni ndia, mabaradhuli nyinyi!"

Cha mwisho kilipomezwa na wimbi, Raihana aliuliza, "Watakua wote?"

"Wanasema katika elfu, labda mmoja."

Kisha akakitazama kijiti chake. Alikuwa akijaribu kukumbuka mayai aliyokula maishani mwake. Elfu aliipita zamani, kabla hata hajaolewa.