Treni Ilipoacha Kusimama Kwetu

Jumamosi, palizi ya pamba ikiwa haijaisha, dada yangu alifariki Tabora. Alizikwa Jumatatu. Mimi nilifika Jumatano.

Habari ilinikuta Kasoli Jumapili asubuhi, tukitoka kanisani. Nilipata lori mpaka Lalago, nikapata jingine, na jioni nilikuwa kwenye stesheni yetu ndogo. Treni ingenifikisha Tabora Jumatatu asubuhi. Nilitaka kumwona uso kabla hawajamfunika.

Treni ilikuja, ikapiga honi, ikapita. Niliona watu wa daraja la tatu madirishani. Mmoja alinipungia mkono.

Stesheni masta alikuwa amekaa kwenye benchi.

“Mwadila, mayu,” alinisalimu kwa Kisukuma. “Hii haisimami tena hapa. Ratiba imebadilika. Nenda stesheni kubwa, ipo ya Jumanne.”

“Nina msiba.”

“Pole sana. Mimi mwenyewe nimebaki kufungulia treni njia zipite tu.”

Nilikasirika, lakini nilijua ilivyoanza. Zamani treni ilisimama kwetu kila siku, awe anapanda mtu au hapandi. Dirisha la tiketi lilichelewa kufunguliwa, na foleni ilikuwa ndefu. Mkaguzi wa tiketi alituita kutoka mlangoni: “Pandeni tu, tutamalizana ndani.” Tulipanda. Tulimpa kidogo, naye hakutuandikia kitu. Nami nilifanya hivyo miaka yote niliyokwenda kwa dada.

Kisha walikuja mabwana wawili wenye mafaili. Walisema siku hizi shirika la reli linajiendesha lenyewe, treni itasimama penye abiria.

“Kwani sisi ni mbuzi?” aliuliza mama muuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Watu walicheka.

“Mama, kitabu cha tiketi kinasema hapa wanapanda watu wawili, watatu.”

“Basi hicho kitabu kipofu!”

Tulicheka tena. Hakuna aliyewaambia kwa nini kitabu kilikuwa kitupu. Nilikuwa nimesimama karibu nao kabisa, na nilinyamaza, maana wiki ile nilitaka kusafiri tena kwa bei ile ile. Wale mabwana nao hawakukaa hata kuiona treni ikija. Waliandika, wakaondoka.

Nilipofika Tabora Jumatano, shemeji alinipeleka kaburini. Udongo ulikuwa umeshaanza kukauka juu.

“Tulikusubiri mpaka saa kumi,” alisema. “Wazee wakasema basi.”

Sikumweleza habari ya tiketi. Nilisema usafiri ulisumbua.

Siku ya kurudi, mkaguzi kijana alikuwa mlangoni mwa behewa. “Mama, panda tu, tutamalizana ndani.” Nilimpita nikaenda kupanga foleni. Ilikuwa ndefu, na jua lilikuwa kali. Nilipofika dirishani nilitaja stesheni yetu.

Karani alipekua tiketi zake. “Hiyo hatuikatii tena, mama. Nikukatie ya stesheni inayofuata?”

Nikasema nikatie.