Raba ya Jointi

Fundi alipoichana raba iliyochakaa kwenye jointi ya ekseli ya gari langu, harufu ya grisi kuukuu ilinirudisha Ruiru, kwa baba aliyelala chali chini ya gari la chifu.

Baba mdogo ndiye aliyeliendesha. Alikuwa homugadi, askari wa kijiji aliyewasaidia Waingereza kuwasaka Mau Mau, na wiki chache tu nyuma alituelekezea bunduki nyumba yetu ikichomwa. Sasa raba ya jointi ya gari hilo ilikuwa imepasuka, mchanga umeingia ndani, na hapakuwa na mwingine kijijini aliyeijua kazi hiyo. Baba angekataa, angepelekwa kizuizini.

"Fanya haraka," baba mdogo alisema, akapiga teke gurudumu karibu na kichwa cha baba.

Mama hakumpa baba mdogo hata maji. Mimi niliomba kimoyomoyo jointi ikatike njiani.

Baba alisafisha mchanga wote, akajaza grisi mpya, akavalisha raba, kisha akakaza waya mara mbili. Alipotoka chini, baba mdogo alimnyooshea mkono.

"Asante, ndugu yangu."

Baba aliutazama ule mkono, kisha akainama kuokota spana zake.

"Gari halijanikosea," alisema. "Wewe ondoka kwangu."