Mikono Kwenye Ubavu wa Gari

Kaka yangu Masoud ana mguu mmoja ulioshiba kuliko mwenziwe, wa kushoto. Kwa miaka aliyoendesha gari ya kijiji, huo ndio uliofanya kazi, wa kulia ulikuwa ukipelekwa matembezi tu. Mkewe Tamima akimcheka: "Mume nimepewa mmoja, miguu nimepewa ya watu wawili."

Gari yenyewe ni pikapu ya dizeli, ya gia. Vijana wetu walioko Maskati walichangishana wakaileta, na maneno yao yakaja nayo: ya wagonjwa na ya maiti. Hakuna kupakia karafuu, hakuna kupeleka harusi. Wazee wa kamati wakamtafuta mtu asiyejua kusema hapana, wakampa ufunguo kaka yangu.

Na mgonjwa wake mkubwa akawa wa nyumbani kwake. Tamima moyo wake ulitanuka. Siku nyingi alikuwa mzima tu, anafua, anatania, ananisengenya mbele yangu. Kisha siku moja miguu inavimba, pumzi inakatika, na hapo hakuna la dawa ya kienyeji wala kombe la maandishi ya Kurani. Ni kukimbizwa hospitali, mjini Chake Chake, akawekewe hewa. Daktari alituambia wazi: huyu mtu asikae mbali na gari. Tukasema alhamdulillahi, gari i mlangoni na dereva yumo kitandani.

Sasa nieleze habari ya mlima, maana bila ya mlima hakuna kisa.

Kijiji chetu kiko bondeni, ndani ndani ukitoka Mtambile. Kutoka kwetu kwenda popote lazima upande mlima wa Kwamwinyi. Hospitali unapanda, kuzika mavani nako unapanda, kwa sababu mava ya zamani yalijaa na mapya yako ng'ambo ya mlima. Zamani jeneza lilikuwa likipigwa begani, na kila mwanamume akipenya apitishe bega lake, walau hatua mbili tatu, apate thawabu. Lakini mabega yenye nguvu yamekwenda Maskati na Unguja. Yaliyobaki ni ya kina Mzee Nasor, mabega yenyewe yanataka kubebwa. Basi jeneza likawa linapakiwa kwenye pikapu.

Na thawabu je? Wazee wakapata njia yao. Anayeweka mkono kwenye ubavu wa gari, huyo ni kama aliyebeba. Nani aliyeitoa fatwa hiyo sijui. Shehe wetu alinyamaza, na mkono wake nao ukawa ubavuni.

Kwa hivyo gari ikawa haiwezi kwenda mbio kuliko mkono wa mzee wa mwisho. Masoud alinieleza tabu yake. Akitia gia ya kwanza akaondoa mguu kwenye klachi, gari inamwacha Mzee Nasor na mkongojo wake. Akikanyaga klachi mpaka chini, gari inarudi nyuma na maiti. Basi mguu anauweka kati kwa kati, mlima mzima, klachi nusu imeshika nusu imeachia, inasagika kama nazi kwenye mbuzi.

Sisi wanawake hatwendi mavani. Tunasimama ukumbini tukaisindikiza maiti kwa macho mpaka gari ipinde. Baadaye tukawa tunaisindikiza na kwa pua. Harufu ilikuwa ikiteremka mlimani kama pembe ya ng'ombe iliyotupwa motoni. Jirani yangu Asya akisema, "Ubani gani huu wanaomfukizia marehemu?" Tukicheka ndani ya kanga.

Klachi ya mwanzo ikafa. Fundi Jabir wa Chake akatia mpya, akasema hiyo itakaa miaka. Haikufika msimu wa pili wa karafuu. Siku aliyoifungua mimi nilikuwepo, nilikuwa nimemsindikiza Tamima kliniki. Jabir akaitoa sahani ya klachi imekwisha, nyembamba kama chapati ya maji.

"Bwana Masoud, unapakia nini weye? Mawe?"

"Napakia maiti."

"Wangapi?"

"Mmoja mmoja."

"Basi nyie maiti wenu wazito."

Masoud akamweleza habari ya mikono na mlima. Jabir alianza kwa kucheka, kisha akafuta mikono yake kwa tambara, akaacha kucheka.

"Nisikilize. Gia ya kwanza, ondoa mguu, gari iende inavyokwenda. Wanaotembea watembee. Ukishikilia hiyo adabu yako, hii nayo itaungua. Tena haitakupigia hodi. Itakuacha mlimani."

Tamima alikuwa amekaa kiti cha mbele, mlango wazi, anapunga kanga. "Umesikia, Baba Ashraf?" akamuuliza mumewe.

"Nimesikia."

"Utawaambia?"

"Ntawaambia."

Akawaambia, Ijumaa, baada ya sala. Wote wakasema hewala, hewala, maneno ya kweli hayo. Mmoja akauliza kama gari haipakii karafuu kwa siri. Wakatawanyika.

Kisha akafa Bimkubwa, dada yake Mzee Nasor. Bikizee aliyezalisha nusu ya kijiji, watu walijaa mpaka barabarani. Gari ikawashwa, na mkono wa mwanzo kwenye ubavu ulikuwa wa Mzee Nasor, analia mpaka ndevu zimerowa. Nyuma yake mikono ikajipanga kama kunguru kwenye waya. Gari ikapanda pole pole. Harufu ikateremka. Asya akajifunika pua kwa kanga, nami sikucheka.

Jioni nikamwendea kaka yangu. Alikuwa ameunyoosha mguu wake juu ya kigoda, anausugua.

"Mbona hukuondoa mguu?"

"Mize, ule mkono wa Mzee Nasor. Yeye ndiye aliyenisomesha Kurani. Nimwache njiani, na maiti ya dada yake nikimbie nayo?"

"Na mkeo?"

Akaendelea kuusugua mguu. "Umekufa ganzi," akasema. Mguu, si kitu chengine.

Pumzi ya Tamima ikakatika mchana mmoja, watu wamelala. Hatukupiga kelele, tulikuwa tumeshazoea. Masoud akaleta gari mlangoni, tukamweka Tamima katikati yetu, kichwa chake begani kwangu. Tukatoka vizuri tu. Bondeni gari ilikwenda vizuri tu.

Mlimani injini ikaanza kunguruma na gari haipandi. Masoud anatia mafuta, injini inapiga kelele, na sisi tumekaa palepale, kama mtu anayefoka kazini na mikono ameifumbata. Kisha tukaanza kurudi nyuma. Akavuta breki ya mkono. Mimi nikateremka nikatia jiwe nyuma ya tairi. Nilikwenda nalo mikononi na nikalitia, na nakumbuka niliangalia kama limekaa sawa.

Masoud akapiga simu Mtambile ije gari nyengine. Nikarudi kukaa. Moshi ulikuwa umeingia ndani. Tamima akavuta pumzi kidogo, akaitoa, akasema, "Hii harufu ya Bimkubwa."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Hakuyasema kwa ubaya. Aliijua harufu, akaitaja.

Gari ya Mtambile ilikuja. Siwezi kusema ilichelewa, ilikuja kwa mwendo wa gari. Alikuwa ameshakwisha, begani kwangu, na Masoud bado ameshika usukani.

Akazikwa kesho yake asubuhi. Gari ilikuwa bado iko mlimani na jiwe lake, kwa hivyo Tamima alibebwa begani, kama zamani. Wanaume walipokezana wakihema, wakaipita ile pikapu pembeni ya njia. Naambiwa hakuna aliyeiangalia. Masoud alishika mbele mpaka juu, hakukubali kupokewa.

Hakulia. Alikaa matangani anapokea mikono ya watu. Mzee Nasor akaja, akamshika.

"Kazi ya Mungu, mwanangu."

"Kazi ya Mungu, Mzee."

Mimi ulimi wangu hauna breki. Nikasema pale pale mlangoni, "Na klachi, kazi ya nani?"

Mzee Nasor akainama. Masoud hata hakugeuka. "Mize," akasema, "kapike."

Nikaenda kupika.

Watu walidhani ufunguo ataurudisha. Hakuurudisha. Aliivuta gari mpaka kwa Jabir, ikatiwa klachi nyengine, akarudi nayo akaiweka mlangoni palepale. Mgonjwa akimwita, anakwenda. Hasemi sana, na wala hapo mwanzo hakuwa msemaji.

Maiti iliyofuata ilikuwa ya Ahmada, muuza pweza. Jeneza likapakiwa. Sisi tukasimama ukumbini. Mikono ikaja ubavuni, mmoja mmoja, kama ada. Masoud akatoa kichwa dirishani.

"Mzee Nasor. Ondoa mkono."

"Unasemaje?"

"Ondoa mkono, Mzee. Gari inakwenda."

Hakupandisha sauti. Injini ikabadilika, nikajua ameachia mguu. Gari ikaondoka kwa mwendo wake, wala si mbio, mwendo wa gia ya kwanza tu. Mikono ikaanza kutoka. Wengine walitembea haraka kidogo, kisha wakaachia. Mzee Nasor ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alikwenda hatua kadhaa mkongojo unagonga upesi upesi, halafu akasimama katikati ya njia, mkono bado ameunyoosha. Gari ikapanda, ikapinda. Wanaume wakaifuata kwa miguu nyuma, mbali.

Asya akavuta pua. "Leo hakuna ubani," akasema. Hapana aliyecheka.

Jioni nikampelekea Masoud chakula. Akala, kidogo. Akaniambia alifika mavani peke yake, yeye na Ahmada, akawangoja.

"Ulikuwa ukiwaza nini huko peke yako?"

Alikata tonge, akalitia kwenye mchuzi, akaliangalia.

"Nilizima injini," akasema.