Chupa niliyoificha kwenye mkoba wa mama

Leo nimemwaibisha mama yangu mzazi mbele za watu.

Tuko uwanja wa ndege Mwanza, tunakwenda Dar akafanyiwe upasuaji wa titi. Ana miaka sabini na mbili, hajawahi kupanda ndege.

Jana kule kijijini kwetu Ntobeye nilimpangia mkoba wa mkononi mimi mwenyewe. Rozari, kanga, karatasi za hospitali. Chini kabisa nikaficha gongo yangu kwenye chupa ya maji. Nikawaza, bibi kizee nani atampekua?

Na Pasaka nilimwapia kuwa nimeacha pombe.

Mashine ikaiona. Dada wa ukaguzi akaitoa, akafungua, akanusa.

"Shikamoo bibi. Hii ni ya nani?"

Jamani, nilikuwa nimesimama palepale, mkanda na viatu mkononi. Nikainama, nikaanza kuvaa viatu.

Mama akaniangalia. Akasema, "Marahaba. Ni yangu, mjukuu wangu. Nisamehe."

"Heee, bibi naye anapiga gongo!" mtu akasema nyuma yetu. Foleni nzima ikacheka.

Mama huyu ni mwenyekiti wa jumuiya kanisani. Hata pombe ya ndizi hajawahi kuonja.

Tulipokaa kusubiri ndege nikaanza kumwomba msamaha. Akanikatiza.

"Daktari akimaliza kunipasua atatafuta mtu wa kuongea naye. Nilidhani ni wewe. Mpigie dada yako aje."

Nimempigia. Yuko stendi Biharamulo sasa hivi, anatafuta basi la Dar.

Mimi nimekaa hapa pembeni ya mama. Ndugu zangu, ningekuwa mwanenu, mngenisamehe?